Nyama ya Tabaka Tatu: Kupika Nguruwe Kikorea Nyumbani

Ukienda buchani ukaomba tumbo la nguruwe, utafungiwa utumbo. Yalinikuta: kilo mbili, zimeshapimwa, na foleni nyuma yangu inakohoa. Nikalipa. Kwa hiyo somo la kwanza la kupika nguruwe Kikorea halianzii jikoni, linaanzia mbele ya gogo la muuza nyama. Unachokitafuta ni nyama ya ubavuni upande wa chini, mbavu zinapoishia, ile iliyojipanga ngozi, mafuta, mnofu, mafuta tena, mnofu tena. Sema hivi: "Nipe ile ya kutengenezea bekoni, toa mfupa, usiikatekate." Neno la mwisho lirudie. Mkono wa muuza kitimoto umezoea panga, na ukigeuka tu kuangalia simu, kipande chako kitakuwa kimeshakuwa vinofu vya kukaanga na ndizi.

Wakorea nyama hiyo wanaiita samgyeopsal. Sam ni tatu, gyeop ni tabaka, sal ni nyama. Wanaipenda kiasi kwamba tarehe 3 Machi, siku ya tatu ya mwezi wa tatu, imekuwa siku yake, na maduka huishushia bei. Ukiwa bado hapo buchani, chukua na kipande cha bega au shingo. Hicho kina mafuta kidogo yaliyopenyeza ndani ya mnofu, na ndicho kinachofaa kwa nyama ya kukaanga na pilipili. Paja liache. Ni nyama kavu, na katika mapishi haya itakuwa kama kutafuna kamba.

Sina ugomvi na kitimoto chetu, wala na akabenzi ya Kigali. Ni mapishi yenye akili yake: nyama nene, ndimu, chumvi, inachemka, kisha inakaangwa katika mafuta yake mpaka ikauke. Mkorea anaanzia kwingine. Mafuta ya nguruwe hayakaushi. Anayaacha, kisha anayatafutia wa kushindana nayo: kitu kichachu, kitu chenye chumvi ya kuchachuka, jani bichi. Kila chakula nitakachokueleza hapa kimejengwa juu ya shindano hilo, na ukilielewa unaweza kupika bila vipimo vyangu.

Kuna jambo la afya nilimalize mapema. Nguruwe wa kwetu wanaofugwa wakizurura hupata viluwiluwi vya tegu, na tegu akiingia mwilini si mgeni wa kuaga kesho. Nunua kwenye bucha ambayo nyama yake imepigwa mhuri wa mkaguzi. Ukiona ndani ya mnofu vijipunje vyeupe mfano wa mchele, ondoka. Ukikosa kuviona bado si hakika, kwa hiyo ivisha mpaka wekundu uishe. Mwenye kipimajoto cha nyama, mamlaka za Marekani husema nyuzi 63 katikati ya kipande kizima, kisha ipumzike dakika 3. Mimi huifikisha 70 nikalala usingizi. Uzuri ni kwamba nyama ya Kikorea hukatwa nyembamba, na nyembamba haina pa kuficha ubichi.

Hapo ndipo kisu kinapoingia. Nyama laini ya nguruwe haikatiki nyembamba, inateleza na kujikunja. Ifunge kwenye mfuko, iweke kwenye friza saa moja na nusu, itoe ikiwa imekaza lakini haijawa jiwe. Sasa itakatika kama mkate. Bega likate kwa kuvuka nyuzi za nyama, vipande vya milimita 3 hivi. Samgyeopsal ikate mistari mirefu yenye unene wa penseli. Kama umenunua bucha ya kisasa yenye mashine ya kukatia, waombe wakufanyie, lakini wasimamie.

Tuje kwenye kabati. Kitu kimoja hakina mbadala wa kweli, nacho ni gochujang, rojo jekundu zito linalotengenezwa kwa pilipili, unga wa mchele unaonata, soya iliyochachushwa, kimea cha shayiri na chumvi, likaachwa miezi mingi kwenye vyungu vya udongo. Mji wa Sunchang, kusini magharibi mwa nchi, ndio uliojijengea jina kwa hilo. Mwaka 2024 UNESCO iliuandikisha ustadi wa Wakorea wa kutengeneza vichachu hivi vya soya katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Pilipili yenyewe si ya asili huko. Ilitoka Amerika kama ilivyotoka ya kwetu, na kabla yake Wakorea walikula mboga zao za kuchachusha bila wekundu. Gochujang utaipata kwenye maduka makubwa ya Dar na Nairobi, rafu ya sosi za Asia, kwenye kopo jekundu la plastiki. Nunua kopo dogo. Ukilifungua liweke kwenye friji, litadumu miezi.

Ukilikosa kabisa, changanya vijiko vikubwa 2 vya pilipili ya unga isiyo kali (paprika ndiyo hasa), nusu kijiko cha pilipili yetu ya unga, kijiko cha asali, vijiko 2 vya sosi ya soya, na kijiko cha wali uliopondwa ukawa kama gundi. Rangi itakuja, na utamu utakuja. Kile kina cha miezi ya kwenye chungu hakitakuja, na usimwambie Mkorea kwamba ni gochujang.

Cha pili ni gochugaru, pilipili ya kusagwa chengachenga. Hapa watu wengi huungua. Wanasoma "vijiko viwili vya pilipili", wanatia vijiko viwili vya pilipili ya sokoni iliyosagwa pamoja na mbegu zake, na chakula kinabaki mezani watu wanakitazama. Gochugaru haina ukali huo. Ina rangi nyingi, utamu kidogo, na moto wa kiasi. Kwa kila kijiko kinachotajwa, tia robo tatu ya paprika na robo ya pilipili yetu. Pilipili kichaa isikaribie.

Cha tatu, mafuta ya ufuta. Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa ufuta duniani, na ukipita Lindi na Mtwara msimu wa mavuno utauona umesimamishwa mafungumafungu shambani. Lakini mafuta ya ufuta ya Kikorea hukamuliwa kutoka kwenye mbegu zilizokaangwa, ndiyo maana ni ya kahawia na yananukia kama karanga. Yale meupe yasiyokaangwa hayawezi kazi hii. Ukikosa ya chupa, kaanga nusu kikombe cha ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka uwe wa kahawia na uanze kurukaruka. Utwange, umimine juu yake nusu kikombe cha mafuta ya alizeti yaliyopata joto, uache usiku kucha, uchuje. Hayo ni ya kunyunyizia mwishoni tu, moto ukiwa umezimwa. Ukiyakaangia, harufu yote itaishia kwenye dari.

Na kama nguruwe haingii nyumbani mwako, usifunge ukurasa. Rojo la pilipili nitakaloeleza sasa hivi, ukilitia kwenye mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, pamoja na kabichi na viazi vitamu, unapata dakgalbi, chakula kilichoupa sifa mji wa Chuncheon. Ila soma maandishi ya kopo kwa makini, maana gochujang nyingi za kiwandani hutiwa kileo kidogo ili zisiendelee kuchachuka.

Sasa twende jikoni. Anza na jeyuk bokkeum, nyama ya bega ya kukaanga na pilipili, kwa sababu ndiyo inayosamehe makosa, na huko Korea ni chakula cha mchana cha kawaida kabisa, cha wafanyakazi na wanafunzi. Kwa gramu 600 za nyama, changanya kwenye bakuli vijiko vikubwa 2 vya gochujang, 2 vya gochugaru, 2 vya sosi ya soya, kimoja cha asali, punje 5 za kitunguu saumu zilizopondwa, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na nusu ya tofaa iliyokwaruzwa. Wakorea hutumia pea zao kubwa zenye maji, na tofaa linatosha. Najua mtu atafikiria papai au nanasi, kwa kuwa tunayajua kwa kulainisha nyama. Kwa nyama nyembamba hivi, saa moja ndani ya papai bichi inageuka uji. Acha.

Maelekezo mengi yatakuambia uloweke nyama ndani ya rojo nusu saa, kisha ukaange. Kwenye moto mkali wa mgahawa hilo ni sawa. Kwenye jiko la gesi la nyumbani, nyama iliyolowa hutoa maji, na badala ya kukaangika inachemka, inakuwa ya kijivu, kisha sukari iliyomo kwenye rojo inashika chini na kuungua kabla nyama haijapata rangi. Fanya kinyume. Pasha kikaango kipana mpaka kianze kutoa moshi, tia mafuta kidogo, tandaza nyama iliyokaushwa kwa kitambaa, usiiguse dakika 2. Kama haienei kwa tabaka moja, kaanga kwa awamu mbili. Hapa uvivu unaonekana mdomoni. Geuza, subiri mpaka kingo zipate kahawia na mafuta yaanze kutoka, kisha nyunyiza kijiko kikubwa cha sukari juu ya nyama yenyewe. Sukari ikiyeyuka na kung'aa, ndipo mimina rojo. Tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vinene, karoti nusu, na konzi ya kabichi. Koroga dakika 3 au 4, vitunguu vibaki na ukaidi kidogo. Zima moto, tupia majani ya kitunguu, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta, na ufuta wenyewe.

Mwenye jiko la mkaa ana bahati katika pishi hili, kwa sababu mkaa ukikolea una joto ambalo jiko la gesi la nyumbani halilifikii. Punga, subiri moto uwe mwekundu, ndipo uweke karai.

Wali wa kulia nyama hii uwe mweupe, bila nazi, bila iliki, na ushikane. Wali wa kuchambuka punje kwa punje, ambao kwetu ndiyo heshima ya mpishi, kwa Mkorea ni wali uliomshinda mtu, maana hauokoteki kwa vijiti. Chukua mchele wa Kyela au wa Mbeya, osha vizuri, ongeza maji robo kikombe zaidi ya mazoea yako, funika, usiukoroge. Maji ya kuoshea mchele, yale ya pili yenye weupe, yaweke pembeni. Tutayahitaji.

Samgyeopsal yenyewe ni pishi lisilo na viungo. Haitiwi kitu, isipokuwa chumvi kiasi ukipenda. Kazi yote iko kwenye meza. Usiichome juu ya wavu wa mkaa kama mishikaki: mafuta yatadondoka, moto utalipuka, na utakula masizi. Wakorea hutumia bamba la chuma lililoinama, mafuta yakateremka upande mmoja. Wewe unalo tayari: chuma cha chapati. Kiweke juu ya jiko, upande mmoja ukiegemezwa kwa kijiwe au kipande cha kigae ili kiinamie upande wa pili, na chini ya mteremko weka kopo la kukinga mafuta. Nyama ipange juu. Chini, mafuta yanakopita, weka vipande vya vitunguu saumu na kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha nitakayoieleza mbele. Vitakaangika ndani ya mafuta ya nguruwe, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vitamu kuliko nyama yenyewe.

Ukipikia ndani, fungua madirisha na tandaza magazeti sakafuni kuzunguka jiko. Wakorea wenyewe hufanya hivyo, kwa sababu mafuta yanaruka mbali kuliko unavyodhani. Geuza nyama pale jasho linapotokea upande wa juu. Ikishaiva pande zote mbili, chukua mkasi safi uikate hapohapo kwenye chuma, vipande vya kutosha mdomo. Wageni wangu huucheka huo mkasi mara ya kwanza. Mara ya pili wanauomba.

Kwa kila mlaji weka kibakuli chenye mafuta ya ufuta, chumvi na pilipili manga. Kingine kiwe na ssamjang: vijiko 2 vya doenjang (rojo la soya la kahawia, lenye harufu inayojitangaza, miso ya Kijapani ikikulazimu), kijiko kimoja cha gochujang, kitunguu saumu, tone la mafuta ya ufuta, sukari kidogo. Kisha rundo la majani. Saladi inatosha. Wakorea huongeza kkaennip, jani la mmea wa jamii moja na mnanaa. Majani mawili matatu ya rehani hukaribia, hayafiki.

Jani unaliweka kiganjani. Juu yake wali kidogo, nyama iliyochovywa, chembe ya ssamjang, kitunguu saumu, kimchi. Unalikunja, unalitia mdomoni lote kwa mara moja. Kuling'ata nusu ni kujidhalilisha, na pia litakumwagikia. Lifanye dogo basi. Mkubwa wa meza ndiye anayeanza kula, na mdogo ndiye anayegeuza nyama. Ukimpa mtu mzima kitu, unampa kwa mikono miwili. Hayo aliyelelewa vizuri popote huku kwetu hahitaji kufundishwa.

Kisiwani Jeju, ambako kuna nguruwe wao weusi wenye sifa nchi nzima, kwenye moto huwekwa pia kibakuli cha meljeot, mchuzi wa dagaa waliochachushwa kwa chumvi, uchemke huku nyama ikiiva, na vipande vichovywe humo. Dagaa na nguruwe. Nilikataa kuamini mpaka nilipojaribu.

Bossam ni pishi la nyama ya kuchemsha, na usilidharau kwa hilo. Lina uhusiano na gimjang, siku za mwisho wa majira yao ya vuli kuelekea baridi, ambapo ndugu na majirani hukutana kutengeneza kimchi ya msimu wote wa baridi. UNESCO iliiandikisha mila hiyo mwaka 2013. Mikono ikiwa imejaa pilipili, hakuna wa kukaanga. Nyama inatupwa sufuriani, inajichemkia, na jioni inaliwa na kimchi mbichi ya siku hiyohiyo.

Chukua kilo moja ya nyama ya tabaka au bega, kipande kizima. Chemsha maji ya kuifunika, tia kitunguu maji kilichokatwa nusu, punje 8 za kitunguu saumu, tangawizi, mashina ya majani ya vitunguu, kijiko kikubwa cha doenjang, na kijiko cha chai cha kahawa ya kuyeyuka. Ndiyo, kahawa. Wakorea wengi huitia, inakata harufu ya nguruwe na kuipa nyama rangi ya kahawia. Ile ya Bukoba inafaa kabisa. Maji yakitokota ndipo utie nyama. Dakika 10 sufuria ikiwa wazi, harufu iondoke na mvuke, kisha punguza moto, funika, dakika 45 hadi 50 zaidi. Choma kwa njiti: isikupinge, na maji yatokayo yawe meupe. Iache ipumzike dakika 10 kabla ya kuikata, la sivyo vipande vitasambaratika.

Pembeni ya bossam huwekwa saeujeot. Nayo ni uduvi. Uduvi hasa, wale wadogo tunaowajua Pwani, ila wao badala ya kuwaanika juani wanawazika ndani ya chumvi mpaka walainike. Kipande kinaguswa tu na chumvi hiyo. Ukitumia uduvi wetu wakavu, loweka kijiko kikubwa kwa maji moto kidogo yenye chumvi, ponda, tia siki matone machache, kitunguu saumu na pilipili. Ni binamu, si ndugu, lakini kwenye mafuta ya nguruwe kazi anaifanya.

Kimchi ya haraka ya kuambatana nayo: kabichi ndefu ya Kichina kilo moja, ikate, ipake konzi ya chumvi, iache saa 2, isuuze, ikamue. Changanya na gochugaru vijiko 4, kitunguu saumu, tangawizi, sukari kijiko kimoja, figili iliyokatwa njiti, na sosi ya samaki au huohuo uduvi uliopondwa. Inaliwa palepale. Iliyobaki ishindilie kwenye chupa, usiijaze mpaka juu kwa sababu itafura, iache nje. Kwa joto la Dar siku moja au mbili inatosha; Arusha mwezi wa Julai, siku 3 au 4. Kisha friji.

Ikishapita wiki mbili tatu, ikawa chachu ya kukunjisha uso, usiitupe. Ndiyo inayopika kimchi jjigae. Kaanga gramu 200 za nyama ya tabaka sufuriani, tia vikombe 2 vya kimchi hiyo chachu, kaanga dakika 5, mimina yale maji ya mchele uliyoyaweka, kama vikombe 3, acha itokote nusu saa. Tia sukari kidogo uchachu ukizidi. Tofu ukiwa nayo. Kwa kimchi changa pishi hili halipikiki, utapata maji mekundu tu.

Rudi sasa kwenye kile chuma cha chapati, au kikaango cha jeyuk, nyama ikiwa imekwisha. Usikioshe. Mimina wali uliobaki juu ya mafuta na rojo lililoshika, kimchi iliyokatwakatwa, tone la mafuta ya ufuta, uchanganye, kisha uugandamize chini kwa mgongo wa kijiko na uuache bila kuugusa mpaka usikie unatatarika. Kinachotokea chini ni ukoko. Wakorea wanauita nurungji, na wanaupigania kama tulivyoupigania sisi utotoni. Ule wa sufuria ya wali mweupe wao huumwagia maji ya moto, wakaunywa mwisho wa mlo. Huu wa kwenye chuma unakwanguliwa kwa kijiko, na kwa kuwa chuma bado ni cha moto, mkwanguaji awe mtu mzima.